Kopo la nguvu, kafeini na moyo wa mtu wa mazoezi: tuliyojifunza Goma

Goma huamka mapema. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, barabara za Himbi na Katindo tayari zina watu wanaokimbia: vijana wa mpira, akina mama walioambiwa na munganga, yaani daktari, wapunguze uzito, walinzi waliotoka zamu ya usiku wanaotaka kutoa jasho kabla ya kulala. Mbele ya alimentasyo, duka dogo la vyakula, iliyofungua mlango nusu amesimama mmoja na kopo la kinywaji cha nguvu la mililita 500. Analifungua, analimaliza kwa mikupuo mitatu, analikunja mkononi, kisha anaondoka mbio papo hapo. Tumbo ni tupu, maji hajagusa, na usiku alilala kwa saa nne tu.

Sisi tunaosimamia mazoezi hapa mjini tunakutana na mtu huyu kila wiki, kwa majina tofauti. Swali lake ni lile lile: kopo hili lina ubaya gani? Kopo ni kosa moja kati ya manne. Amekunywa kipimo asichokijua, amekunywa wakati usiofaa, amekosa usingizi na amekosa maji. Moyo wenye afya huvumilia kosa moja. Yakikutana yote manne asubuhi moja, na juu yake mtu apande mteremko kwa kasi, hapo ndipo tunapoona watu wamekaa pembeni ya barabara, mkono kifuani, wakisema moyo unaruka.

Ili kuelewa kwa nini, anza na uchovu wenyewe. Kila saa unayokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Ikishika vipokezi vyake, unasikia usingizi na mwili mzito. Kafeini ina umbo linalofanana nayo: inaingia kwenye vipokezi vile vile na kuvikalia bila kuviamsha, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Adenosini inabaki imesimama nje. Uchovu haujaenda popote, ni taarifa yake tu isiyofika. Mmotari aliyebandika karatasi juu ya geji ya mafuta hajaongeza mafuta hata tone. Anaendesha tu bila kuona. Jambo hili ndilo tunalorudia kuliko yote, kwa sababu watu wengi wanaamini neno "nguvu" lililoandikwa kwenye kopo.

Adenosini ina kazi moyoni pia. Unapokimbia, misuli ya moyo inadai damu zaidi, na adenosini ni mojawapo ya vitu vinavyotanua mishipa inayoulisha moyo. Kafeini inazuia sehemu ya kazi hiyo. Watafiti waliwapa watu wenye afya miligramu 200 za kafeini kisha wakawapima wakiwa kwenye mazoezi: uwezo wa kuongeza damu ya moyo ulipungua kwa asilimia 22 katika hewa ya kawaida, na kwa asilimia 39 katika hewa hafifu iliyotengenezwa kufanana na ile ya mita 4,500. Goma ipo kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo hatuko huko. Lakini anayepanda Nyiragongo, wenye kilele cha mita 3,470, akiwa na makopo mawili kwenye mfuko, anaelekea upande ule. Kwa safari ya mlima tunasema wazi: beba maji, ndizi na mkate, makopo yaache nyumbani.

Sasa kipimo. Geuza kopo, tafuta neno "caféine" kwenye maandishi madogo. Makopo mengi yanayofuata kanuni za Ulaya yana miligramu 32 kwa kila mililita 100. Zidisha mwenyewe: kopo dogo la mililita 250 lina miligramu 80, na hicho ndicho kiasi kilichomo kwenye Red Bull ndogo, kopo refu la mililita 500 lina 160. Ukiona maneno "teneur élevée en caféine", maana yake kinywaji kimepita miligramu 150 kwa lita, na kanuni za Ulaya zinadai kiandikwe pia kwamba hakifai kwa watoto wala wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha. Ukikuta neno "guarana" kwenye orodha ya viungo, hiyo ni mbegu yenye kafeini ndani yake, siyo tunda la kukupa vitamini.

Shida ni zile chupa za plastiki za bei rahisi zinazopangwa kwenye meza kule Birere. Nyingine zina rangi ya kupendeza na picha ya ng'ombe au simba, lakini idadi ya miligramu haipo. Muuzaji atakuambia "hii iko na nguvu sana, Papa", na hawezi kukuambia zaidi ya hapo kwa sababu naye hajui. Kanuni yetu ni ngumu kidogo lakini hatuilegezi: kinywaji kisichoandika miligramu hakinywewi siku ya mazoezi.

Kahawa nayo ihesabiwe. Kahawa ya Kivu, ile ya Idjwi, Minova, Kalehe hadi Lubero, ni arabika, ambayo punje yake ina kafeini kama asilimia 1.2. Kijiko kikubwa cha gramu 5 za unga kina basi miligramu 60 hivi, na kikombe kikubwa kilichochujwa vizuri hufika 90. Robusta, aina nyingine ya kahawa, ina karibu mara mbili ya hiyo, kwa hiyo kijiko kile kile cha unga usiojua umetoka wapi kinaweza kukudanganya. Chai kikombe kimoja ni 30 hadi 50. Soda ya kola ya mililita 330 ni 30 na kidogo. Makasu, zile mbegu za kola zinazotafunwa na madereva wa usiku, zina kafeini pia, na hakuna mtu anayeweza kukuambia ni kiasi gani kwenye ile unayoitafuna.

Tazama siku moja ya kawaida. Asubuhi kopo refu: 160. Saa nne kahawa ya kazini: 90. Mchana soda ya kola na bugali: 33. Jioni kichwa kinauma, anameza vidonge viwili vya parasetamoli iliyochanganywa na kafeini, kila kimoja miligramu 65: ni 130. Jumla ni 413. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na 200 kwa mara moja. Huyu amepita, na ukimuuliza atakujibu kwamba amekunywa kopo moja tu. Tena kile kichwa cha jioni mara nyingi ni maji aliyokosa na usingizi aliokosa, akakiongezea kafeini nyingine.

Kwa anayetaka kafeini imsaidie kweli katika mazoezi magumu, msaada upo na umepimwa. Kiasi kinachofanya kazi ni miligramu 3 hadi 6 kwa kilo ya uzito, dakika 60 hivi kabla. Sisi hatupiti 3, na anayeanza tunampa 2: mtu wa kilo 60 ataanza na 120, akizoea asivuke 180. Ukifika 9 kwa kilo huongezi kasi. Unaongeza kutetemeka, kichefuchefu, kuharisha na mapigo ya haraka. Hata wanariadha wakubwa hawakatazwi: kafeini iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku mwanzoni mwa 2004, ingawa bado inafuatiliwa. Lakini huo ni msaada wa siku ya mashindano au siku ya mazoezi makali. Mama anayetembea dakika arobaini kutoka Keshero kwenda mjini hauhitaji.

Kikombe cha kahawa dakika 60 kabla ndicho tunachokipendekeza, kwa sababu kafeini hufika kilele katika damu kati ya dakika 30 na 60. Yule wa alimentasyo anayekunywa na kuondoka mbio hapati kitu mwanzoni isipokuwa gesi tumboni. Kilele kinamkuta mwishoni, wakati mapigo yake tayari yako juu kabisa.

Unga wa mazoezi wa kwenye makopo makubwa ya plastiki ni habari nyingine. Kijiko kimoja cha ndani hubeba mara nyingi miligramu 150 hadi 300. Tunaona vijana wakitia vijiko viwili, au wakimimina unga mkavu mdomoni na kusukuma kwa maji kidogo. Usifanye hivyo: unga unaweza kuingia njia ya hewa, na kipimo chote kinafika kwa mpigo. Kafeini tupu ya unga usiiguse kabisa. Kijiko kimoja cha chai kina miligramu 3,200 hivi, na degedege limeonekana kwa watu waliomeza 1,200 kwa haraka. Mizani ya jikoni haiwezi kupima kitu kama hicho.

Tuje kwenye vinywaji vya nguvu na moyo wenyewe, maana kuna anayesema "si ni sawa na kahawa tu?" Hapana, siyo sawa kabisa. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti wa watu 34 wenye afya, wa miaka 18 hadi 40. Walikunywa karibu lita moja ya kinywaji cha nguvu ndani ya saa moja, na siku nyingine kinywaji cha kufanana kisicho na viungo hivyo. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kile kipindi ambacho moyo unautumia kujiandaa upya kwa pigo linalofuata kilirefuka kwa milisekunde 6 hadi 7.7, na bado kilikuwa kirefu saa nne baadaye. Tansiyo, yaani shinikizo la damu, nayo ilipanda kwa nukta 4 hadi 5. Utafiti mdogo wa 2017, wa watu 18, ulilinganisha kinywaji cha nguvu na kafeini peke yake kwa kiasi kile kile cha miligramu 320: kinywaji kilirefusha kipindi hicho kwa milisekunde 10 zaidi saa mbili baadaye. Kuna kitu kwenye mchanganyiko, mbali na kafeini. Milisekunde hizi ni chache kwa moyo mzima. Kwa moyo ambao kipindi hicho tayari ni kirefu kwa kuzaliwa au kwa dawa, ni kuusogeza karibu na mapigo yanayovurugika.

Kahawa yenyewe hatuisingizii. Utafiti wa 2023 uliwafuatilia watu wazima 100 siku za kahawa na siku bila kahawa: mapigo ya ziada ya vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka, yale ya vyumba vya chini yaliongezeka, watu walitembea hatua kama 1,000 zaidi, na walilala dakika 36 pungufu. Hizo dakika 36 tuziangalie vizuri. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Anayekunywa kopo la 160 saa kumi na moja jioni ili afanye mazoezi baada ya kazi, saa nne usiku anapanda kitandani na 80 mwilini, sawa na kumaliza kopo dogo akiwa amevaa nguo za kulala. Asubuhi ameamka mchovu, ananunua jingine. Wa mazoezi ya jioni tunawaambia kafeini ya mwisho iwe saa nane mchana, na hiyo siyo ukali: miligramu 400 zikinywewa saa sita kabla ya kulala zimeonyeshwa kukata zaidi ya saa nzima ya usingizi.

Saa hizo tano si za kila mtu. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango hubaki na kafeini karibu mara mbili ya muda huo. Katika miezi ya mwisho ya mimba inaweza kuchukua hadi saa 15 kupungua nusu, na mwenye mimba hapaswi kupita 200 kwa siku. Mvutaji sigara huiondoa haraka. Akiacha sigara, ile kahawa yake ya siku zote inaanza kumtetemesha, naye anadhani ni ugonjwa.

Na dawa. Hapa kwetu mtu hununua dawa farmasi bila karatasi ya munganga, na huku ndiko tunakopata hofu kubwa kuliko kwenye kopo lenyewe. Siprofloksasini, inayotolewa kwa tumbo la kuhara na mkojo unaochoma, inazuia ini kuvunja kafeini: kikombe kimoja kinakaa mwilini kama viwili. Aminofilini na teofilini za pumu ni ndugu wa damu wa kafeini, na pamoja huleta mapigo ya kasi na mikono kutetemeka. Salbutamoli ya kuvuta pia huharakisha moyo. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini hubana mishipa na kupandisha tansiyo. Kwinini hurefusha kile kipindi cha umeme tulichokitaja. Anayetibiwa malaria kwa kwinini asinywe kopo, tena asifanye mazoezi mpaka homa iishe na nguvu irudi. Homa ya aina yoyote ni siku ya kulala, kwa sababu baadhi ya virusi huingia kwenye misuli ya moyo, na mazoezi wakati huo huongeza madhara.

Kuna mioyo iliyo na kasoro ambayo mwenyewe haijui. Mtoto aliyeumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi ya moyo, inayoharibu vali polepole, na kuja kugundua akiwa na miaka 20 uwanjani. Wengine huzaliwa na misuli ya moyo minene kupita kiasi. Ndicho kilichokutwa kwa Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, mchezaji wa kiwango cha juu kabisa. Kafeini haikutajwa pale. Tunamtaja ili yeyote asiseme "mimi nina mwili mzuri, moyo wangu uko sawa". Ukizimia ukiwa katikati ya mbio, ukibanwa kifua wakati wa juhudi, moyo ukiruka pamoja na kizunguzungu, au kama kuna ndugu wa tumbo moja aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, acha mazoezi na makopo mpaka upimwe ECG na ekografia ya moyo, yaani picha ya ultrasound. Mwenye tansiyo ajue kwamba miligramu 200 hadi 300 zinaweza kuipandisha kwa nukta 8 kwenye namba ya juu na 6 kwenye namba ya chini, kwa muda wa saa tatu hivi. Asipime tansiyo mara baada ya kahawa kisha abadilishe dawa.

Watoto wa shule na vijana wa chini ya miaka 18 hatuwaruhusu kabisa. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia mwaka 2014, Poland mwaka 2024. Hapa hakuna wa kumzuia mtoto mbele ya meza ya Birere isipokuwa mzazi na kocha wake.

Kunywa nini basi? Kopo refu la sukari lina gramu 55 hivi, sawa na vijiko kumi na vitatu vya chai, na sukari nzito namna hiyo, gramu 11 kwa mililita 100, hukaa tumboni badala ya kuingia mwilini wakati wa kukimbia. Kwa mazoezi ya chini ya saa moja maji yanatosha. Jasho likiwa jingi, au tumbo limeharisha, changanya nyumbani: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Chumvi isizidi hapo. Asubuhi ya mazoezi marefu, kikombe cha uji wa masoso, yaani wa mahindi, soya na mtama, saa moja na nusu kabla kinakupa nguvu halisi, zile ambazo kopo linadai kukupa.

Pima mapigo kabla ya kushuka kitandani. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usitumie gumba kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Andika siku saba. Hiyo ndiyo kawaida yako. Asubuhi ukiikuta imepanda kwa 10 au zaidi, siku hiyo ni ya kutembea tu, bila kafeini. Wakati wa juhudi, chukua 208, utoe umri wako uliozidishwa kwa 0.7: mtu wa miaka 40 anapata 180, na mazoezi yake ya kawaida yabaki chini ya 145 hivi. Kipimo cha kusikiliza mwili tu hakitoshi kwa aliyekunywa kafeini, maana ndiyo taarifa ile ile iliyozibwa.

Anayetaka kupunguza asikate ghafla. Kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kuacha, na hali hiyo inaweza kwenda siku mbili hadi tisa. Wengi hurudi kwenye kopo siku ya pili wakidhani wanaumwa. Ondoa robo ya kiasi chako kila baada ya siku tatu, anza na ya jioni.

Na mwenzako akianguka barabarani, hajibu na hapumui vizuri, usipoteze muda kumwagia maji. Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, sukuma chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Mwingine atafute gari, siyo pikipiki, kwa sababu kwenye pikipiki hakuna wa kuendelea kusukuma. Mkichoka pokezaneni kila dakika mbili. Asinyweshwe kitu chochote, wala maji ya sukari, wala lile kopo.